Shaba ya Baba ku Mugongo ya Mashini

Jumatatu, 6 oktoba 2025

Carte inafika! Shofere wa bus ya Lubumbashi alinitilia mu mukono kabahasha kamoya, kadogo – nikawaza anakosea, ananipatia dawa ya mugonjwa. Nafungua: kakintu sawa tembre ya barua. Na hii njo itanipeleka Lusaka? Tutaona.

Nipange bintu, juu kichwa inachemka. Mashini yangu haione wifi tangu mwezi wa tisa. Ilianza ile juma kuran ya umeme ilirudia na nguvu mu quartier yetu, frigo ya mama Daniella, jirani yetu, ikatosha moshi. Ya Élysée – bote tunamuita ya, kaka mukubwa – fundi wa mashini hapa Likasi, ku mutaa ya Kikula, akasema: carte ya wifi iliungua, leta ingine. Bon, iko hapa.

Na test ni tarehe 23. Shule ya Lusaka, bourse kamili, banalipa yote, kujifunza kutengeneza mashini za hospitali. Test inapita ku internet, camera wazi, weye peke mu chumba. Téléphone banakatala. Ordinateur ya kuazima banakatala pia – ni ile uliandikisha, na minye nilishaandikisha hii. Ukikosa siku, ngoja mwaka mwingine. Minye mwaka mwingine siutaki!

Ku dispensaire, kahospitali fasi ninafanya kazi, kuko mashini zinafunikwa na bitambaa sawa maiti. Zilikufwa na hakuna wa kuzifufua. Minye niko pale ku réception, kila asubuhi ninazipita. Ninataka kutosha ile bitambaa. Njo yote ninalomba ku dunia hii.

Baba alishika carte na bidole bibili, akaigeuza ku mwangaza. «Mama,» anasema – ananiita mama juu niko na jina ya mama yake, Mwadi – «ndani ya hii muko shaba. Pengine ilitoka hapa kwetu, ikatembea dunia nzima, leo inarudia nyumbani.» Kwa baba, ata mukate iko na shaba ndani.

Jumanne, 7 oktoba

Nilitoka kazi moja kwa moja mpaka kwa ya Élysée. Aligeuza mashini tumbo juu, akatosha vis, misumari ya kuzungusha, moya-moya, akazitia mu kifuniko ya boîte ya maziwa – ni kawaida yake, na ole wako ukigusa ile kifuniko. Carte ya zamani inje, mupya ndani. Akafunga. Akawasha. Tunakaza macho.

Hakuna kintu!

Anasema: tulia petite, mudogo yangu, mashini haiijue bado, inataka pilote – ile programu ya kuifundisha kusema na carte. Bon, pilote inapatikana wapi? Ku internet. Na internet inapita wapi? Mu carte! Ni sawa kuambia muntu: kwenda ununue viatu, lakini usikanyage chini. Nilicheka mpaka machozi, juu kulia ilikuwa karibu.

Akapitisha internet ya téléphone yake mu kamba. Kwa test yenyewe ile kamba haitasaidia – kwetu réseau ya téléphone inayumba sawa mulevi, na camera inakula mega yote. Lakini kwa pilote ilitosha. Tukangoja. Mara jina ya wifi yake ikatokea ku kioo ya écran! Nikapiga makelele, bantu ba ku barabara bakageuka.

Nafika ku nyumba: hakuna. Nakimbia ku salle ya paroisse, ile ukumbi ya parokia fasi nitafanyia test: hakuna. Ata jina moya. Ninachoka. Sikule ata vizuri.

Alhamisi, 9 oktoba

Jana kuran ilikosa, ya Élysée hakufungua. Leo tumeanza tena.

Kwanza alipuliza vumbi. Anasema mashini yangu inakula chokaa ya machimbo ya Kakontwe kupita bale banaipasua. Kisha akasema: ni antenne. Ndani kuko waya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe. Zinatoka ku carte, zinapita mu bawaba, zinapanda mu kifuniko mpaka juu kabisa, nyuma ya écran. Njo masikio ya mashini. Na kweli – nyeusi haikukamata vizuri! Nikasema kumbe, njo ile! Ya Élysée akaisukuma na kucha. Haiingie. Akaisukuma na turnevisi. Tak! Kichwa ya waya ikavunjika.

Akaokota kale kakichwa ku meza.

«Petite, usiwe na wasiwasi. Muntu wa jicho moya anaona njia.»

«Na weye uko na macho mbili, unavunja bintu ya bantu!»

Alilomba pole mpaka nikamuonea huruma. Nyeupe aliikaza, ikakamata vizuri, na pale mu atelier yake wifi ilijaa yote. Ku salle ya paroisse: kamustari kamoya. Kanakuya, kanaenda. Kanakuya, kanaenda. Lakini mbele hakukuwa kintu, na leo kuko kamustari! Polepole njo mwendo. Ninalala na furaha kidogo.

Jumamosi, 11 oktoba

Nguo, maji, makala. Ku salle, kamustari kale kale. Baba anaimba nyuma ya nyumba, anapiga nyundo.

Jumapili, 12 oktoba

Misa ilipoisha, Clémentine alifungua bureau, ofisi yake. Ni rafiki yangu tangu primaire, na njo secrétaire wa paroisse, kwa hiyo wifi iko mu mikono yake. Tulisogeza kale kasanduku ka wifi kutoka ku kabati mpaka ku dirisha, tukafungua mulango kati ya bureau na salle. Téléphone yake inabamba wifi, inaikamata vizuri kabisa, mistari yote. Mashini yangu pembeni, meza ile ile: kamustari kamoya, kisha sifuri.

Clémentine anasema: «Ma chère, carte yako ni ya muzee, haisikie.» Nilitaka kumutupa inje.

Mama Daniella akapita na kachupa ka mafuta ya maombi. Yeye anasalia kwa bapentekoti, lakini anapendaka kupita kwetu kuangalia nani anavaa nini. Anataka kupaka mashini mafuta, anasema kuko mukono ya adui. Nikamuambia: mama, nipake minye, mashini uiache, muko kuran ndani! Akanipaka. Paji la uso ilinuka mpaka mangaribi.

Na baba, wakati ile, eko inje anaonyesha bantu mugongo ya mashini. Alinilomba aishike kidogo tu. Ninamuelewa. Baba ni mupiga shaba. Zamani, akitoka kazi ku usine, kule kiwandani, kila mangaribi nyundo yake ilisikika nyuma ya nyumba. Mama alipokufwa, nyundo ikanyamaza. Mikono ikaanza kutetemeka. Ile kimya ilikaa mu nyumba sawa mugeni hataki kurudi kwao, mpaka tukaizoea.

Na mwezi wa tisa, siku yangu ya kuzaliwa, ananiletea mashini imefunikwa mugongo na bati ya shaba! Aliipiga kwa siri. Milima ya Likasi, sheminée ya Shituru, ile bomba ndefu ya moshi ya kiwanda, njia, na ku njia mwanamuke na kitunga ku kichwa. Juu, jua kubwa na ndege. Alikunja mipaka kuzunguka kifuniko, akaibandika na kole. Ule mwanamuke ni mama. Hatukusema, ata yeye ata minye, lakini ni mama – vile anainamisha shingo kidogo juu ya uzito. Na tangu ile siku nyundo inasikika tena.

Ninapenda ile bati kupita mashini yenyewe.

Jumanne, 14 oktoba

Leo kintu ya ajabu. Ya Élysée, na haya ya ile waya, alichukua carte yangu ya zamani – ile «iliungua» – akaitia mu mashini yake mwenyewe, kuangalia tu. Inabamba! Inabamba mpaka wifi ya bar ya ngambo ya barabara!

Haikuungua ata kidogo. Kuran haikuifanya kintu. Tulitosha carte nzima, tukatia carte nzima ingine. Anasema: nilikosea petite, nilisikia «kuran» nikasimama pale, sikutafuta mbele. Sawa. Ata minye nilisimama pale pale. Frigo ya mama Daniella njo ilitupoteza!

Lakini kama carte zote mbili ni nzima, mugonjwa ni nani?

Tulikaa pale, yeye anajikuna kichwa, minye ninakula kucha. Test inakaribia. Ninajifunza kila mangaribi, hesabu za kuran, mapigo ya moyo ku karatasi, bintu yote inaingia mu kichwa bila shida. Ninajua nitapita. Kama tu banifungulie mulango!

Alhamisi, 16 oktoba

Ninaandika mbio, nisisahau kintu.

Mvula ya kwanza! Ilianguka na nguvu, batoto ba mama Daniella bakatoka kuoga inje. Atelier ya baba nyuma ya nyumba inavuja. Yeye alikuwa anapiga beseni ya shaba, radio yake kadogo iko ku musumari, inatangaza mpira. Maji ikaanza kutona pale pale ku musumari. Nikakimbia, nikabamba radio, nikaitia ndani ya beseni ingine, ile ilishaisha, nikaifunika na bati ya shaba juu maji isiipate. Radio: shhhh. Ikanyamaza.

Baba akapandisha sauti: «Weye mama! Tosha radio mu shaba! Unaizamisha! Mara ngapi ninasema – radio na shaba hazisikilizane!»

Kweli, anasemaka vile tangu niko mutoto. Ni sheria ya bapiga shaba bote ba hapa: radio unaitundika mbali na bati, ao hausikie mpira. Siku zote nilitii, sikuuliza juu ya nini. Nikatosha radio. Ikaimba. Nikairudisha. Shhhh. Nikatosha. Ikaimba. Baba anauliza kama ninacheza, juu timu yake iko karibu kufunga.

Nilikuwa ninaangalia mulango ya nyumba. Mashini iko ndani ku meza, imefungwa, na jua ya shaba ku mugongo.

Masikio ya mashini iko mu kifuniko. Juu kabisa. Nyuma ya écran. Chini ya ile bati.

Yesu wangu! Haikuwa kuran. Ile juma kuran ilirudia na nguvu njo juma ya kuzaliwa kwangu. Ni zawadi.

Ijumaa, 17 oktoba

Mbele ya kazi nilikuwa nimeshasimama ku mulango ya ya Élysée. Nikamuambia. Akacheka. Kisha hakucheka. Akafungua plastiki ya mbele ya écran, akavuta waya nyeupe polepole sawa anatosha mwiba mu muguu ya mutoto, akaiachia inje, inaning'inia. Tukaenda mbio ku salle ya paroisse, Clémentine akafungua.

Mistari yote! Yote! Video ikatembea bila kusimama. Tuliruka sote tatu sawa batoto ba primaire. Tukairudisha mu kifuniko: kamustari kamoya. Inje: yote. Hakuna shaka tena.

Kisha furaha ikanitoka. Ya Élysée anasema ni rahisi, anaibandua ile bati sasa hivi, kole inalegea na moto kidogo. Nikaweka mukono juu ya mashini.

«Usiguse.»

«Lakini petite –»

«Usiguse, ninakuambia!»

Akarudia nyuma. Hakumujua mama. Hakukaa mu ile kimya yetu.

Njo tukapatana hivi: waya inabakia inje, tunaishikisha na papier collant ya kunata pembeni ya écran, sawa ndevu ya mbuzi. Anasema ni dawa ya siku chache tu – ile waya ni nyembamba sana, ikibanwa na bawaba inakatika, na ni ya mwisho, nyeusi ilishakufwa. Kuko antenne ya kuchomeka inje, kadogo sawa clé ya USB, lakini kule Lubumbashi banasema itafika wakati test ilishapita. Basi ndevu! Ndevu itatosha. Baba hatajua, minye nitafanya test, bote tutakuwa na furaha. Ninajiona mwerevu.

Jumapili, 19 oktoba

Papa Parfait alikuya kutembelea baba. Bale babili balifanya kazi pamoja ku usine tangu ujana. Baba mbio akatosha mashini – niliruka, nikafunika ndevu na mukono sawa ninaua mbu.

Papa Parfait akavaa miwani. Akapitisha kidole ku milima, ku sheminée, ku njia. Akafika ku mwanamuke. Akasimama pale.

«Huyu ni Tina,» anasema, anamuita mama na jina yake.

Baba akaitika na kichwa. Mukono yangu ikabakia juu ya waya. Kisha papa Parfait akapangusa miwani, akasema binti yake anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na anataka bati sawa hii kwa arusi. Baba alicheka – ile kicheko ya zamani, ya tumboni! Sikuisikia tangu mazishi. Akaanza kumueleza vile atapiga, na majani, na majina ya bale babili, mikono inapanda inashuka, ni kama haitetemeke.

Sasa nitamuambia vipi? «Baba, zawadi yako njo inaziba mashini»? Afazali nikose test. Hapana – sitaki kukosa test! Ninataka yote mbili. Mulafi minye.

Jumatatu, 20 oktoba

Ku dispensaire, nikiwa peke, niliinua kitambaa ya mashini moya. Vumbi tu, na alama ya mukono ya muntu aliigusa zamani. Nikaambia ile mashini: ngoja. Infirmier, muuguzi wetu, akapita, akauliza ninasema na nani. Nikamuambia na mukubwa wake.

Ndevu inashika. Nilijaribu ku salle saa nzima, haikukatika. Clémentine anasema ninafanana na bibi arusi, sikule silale. Keshokutwa na siku moya!

Jumanne, 21 oktoba

«Ninajiona mwerevu» – minye njo niliandika vile? Mupumbavu mukubwa!

Baba alikuya kupangusa shaba na ndimu na majivu, anafanyaka vile kila juma. Akaona ndevu. Anauliza: hii nini? Nikamuambia ni mode mupya, fasheni ya bijana. Mode! Kwa muntu alizeekea mu waya za usine! Akaifuata na kidole, bila kuigusa, kutoka ku papier collant mpaka ku bawaba. Akaangalia bati. Akageuka, akaangalia radio yake ku musumari.

«Njo shaba?»

Nilitaka kukatala. Mudomo haikukubali.

«Ndiyo, baba.»

«Unajua tangu wakati gani?»

«Tangu ile mvula.»

Akaweka ndimu chini. Akapangusa mikono. Akaingia mu chumba yake.

Chakula ya mangaribi, bukari na sombe, ikapoa, hakutoka. Nilikaa chini ku mulango yake nikasema yote: kwamba ninapenda ile bati kupita mashini, kwamba ndevu inatosha, kwamba anisamehe ile mambo ya mode. Ndani, kimya. Ile mugeni amerudia. Ninamuogopa kupita test.

Jumatano, 22 oktoba

Asubuhi ninaamka – mashini haiko ku meza!

Nikatafuta chini ya kitanda, mu kabati, nyuma ya mifuko ya makala. Nikatoka inje na nguo ya kulala, ninapiga makelele. Kesho njo test! Mama Daniella akatokea ku uzio ya lupango: «Mwizi?» Nikasema sijue, mama, sijue! Kisha nikasikia nyuma ya nyumba: kriii. Kriii. Ni baba, ananoa mukasi ya bati.

Mashini iko mbele yake juu ya blanketi. Bati ilishatoka, yote. Alikalisha chupa ya maji moto juu yake mpaka kole ikalegea, kisha akapitisha kisu bila meno. Plastiki inabakia na madoa tu. Waya nyeupe aliizungushia kitambaa safi, isiguswe. Na ku shaba alichora na penseli mustari moya, inafuata mugongo ya milima, inazunguka sheminée, kutoka upande huu mpaka upande ule.

Hakunisalimia ata. «Masikio iko juu, ao ninakosea?»

«Iko juu, baba.»

«Chini hakuna kintu?»

«Chini hakuna.»

«Basi tunakata mbingu.»

Nikasema baba hapana! Jua yako! Ndege zako! Na mikono yako – lakini hii ya mwisho nikaimeza. Akaniangalia na macho kali.

«Mama, nisikilize. Jua nitapiga ingine. Niliona mashini yako uchi, nikasema mutoto yangu hataenda Lusaka na kintu uchi. Sasa ukose safari juu ya kuvaa vizuri?»

Nikaanza kulia pale pale, na kamasi, bila haya. Akangoja niishe. Akanipatia bati.

«Shika. Usishike mukono yangu. Shika shaba.»

Mukasi ikaingia. Mukono yake ilitetemeka, niliona. Pale ku mulima ya kwanza mukasi ikayumba, ikatoka inje ya penseli. Akasimama. Akapumua. Akasema: bon, ile mulima sasa iko na kichuguu, ni Katanga kweli, inchi ya bichuguu. Tukaendelea. Jua ikaanguka chini, ndege zikaanguka. Tukafika kwa mama. Kitunga yake inapita mulima, inaingia mu mbingu – hakuna njia, ni kuizunguka. Nilifunga macho. Nilisikia mukasi tu, na pumzi ya baba. Nilipofungua, kitunga iko nzima.

Nikaita ya Élysée ku téléphone. Alikuya na turnevisi yake na kifuniko ya boîte. Waya akairudisha fasi yake mu kifuniko, baba akapaka kole, akakunja mipaka ya chini na ya pembeni. Juu hakuna bati tena, plastiki nyeusi tu. Tukaenda ku salle na miguu, sote tatu, mashini baba njo anaibeba. Sikutaka kuwasha. Baba aliwasha.

Mistari yote isipokuwa moya! Tukangoja ianguke. Haianguke. Clémentine akafunga mulango ya bureau, akaifungua, akapita mbele na nyuma sawa polisi. Haianguke! Ya Élysée akaanza kucheza peke yake. Baba akavua kofia, akaketi.

«Mode mupya,» anasema, ananiangalia na pembe ya jicho.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alhamisi, 23 oktoba

Mu salle ya paroisse. Ninaandika juu mikono inataka kazi.

Clémentine alileta betri ya gari ya kaka yake Arsène, akaifungia ku kasanduku ka wifi, kama kuran ikikosa. Ya Élysée alikuya kuangalia vis mara ya mwisho, nikamufukuza. Mama Daniella alileta mafuta, nikamuachia paji la uso. Baba eko inje ku banc ya mbao, anachunga mulango. Alivaa koti ya misa. Radio alileta, lakini aliizima.

Ku écran kuko mama mumoya wa shule, sauti yake safi kabisa. Alisema kila muntu azungushe mashini amuonyeshe chumba. Nikaizungusha. Kamera ikaangalia kuta, na mugongo ikageuka kwangu. Nikamuona mama ku njia, kitunga ku kichwa, milima nyuma yake na ile moya ya kichuguu, na juu yake hakuna kintu, wazi. Nilikaa vile mpaka ule wa shule akasema: aksanti mademoiselle, inatosha, inatosha. Nikairudisha.

Sasa tunangoja bengine. Mistari yote isipokuwa moya. Nimekunywa maji. Sijue bataniuliza nini, lakini mulango iko wazi, na hii minye sitaisahau.

Taa imezima! Kuran! Sasa hivi! Inje baba ameruka, ninasikia banc: «Mama! Iko?»

Naangalia ku pembe ya écran. Mustari moya inapotea. Inarudia. Ule mama wa shule angali anasogeza midomo, na sauti inafika.

«Iko, baba! Iko!»

Ule wa shule anasema test inaanza, tuweke kalamu ya bic chini. Ninaiweka –